Wapigaji Ishirini na Wanne

Nimedaka mipira ya warushaji wa besiboli miaka thelathini na nne, katika miji kumi na mmoja, na mingi ya miji hiyo siwezi tena kukuambia kituo cha basi kilikuwa upande gani. Kudaka kwenye mechi zenyewe niliacha zamani, magoti yalipokataa. Nikabaki yule mzee anayechuchumaa pembeni, nyuma ya uzio, wakati mrushaji anapasha mkono moto kabla ya mchezo. Unakaa pale na glovu, unapokea mpira, unaurudisha. Ukifanya hivyo miaka mingi, unaacha kutumia macho. Unasikiliza.

Kiangazi cha 1991 nilikuwa Corliss, Iowa, na niliyekuwa namsikiliza ni Emmett Sedlak.

Alikuwa na miaka ishirini. Alipokuwa na kumi na saba, kwao Nebraska, alirusha mpira maili tisini na nane kwa saa mbele ya wanaume kumi na wanne walioshika vipima kasi, na tangu siku hiyo akawa mali ya kila mtu. Timu kubwa ikamsajili, ikamleta kwetu Corliss aive. Kwenye barabara kuu, kati ya ghala la mahindi na duka la matrekta, wakasimamisha bango: mkono wa kulia peke yake, kuanzia bega mpaka vidole, na neno moja, ANAKUJA. Uso hawakuuweka. Yeye mwenyewe alilitazama siku ya kwanza akaniambia, "Babu, hata kama nikifa wanaweza kulitumia."

Alikuja, ila si kama walivyotangaza. Mwaka wa kwanza mpira ulikuwa unakwenda unakotaka. Siku moja ulimpiga mbavuni yule jamaa anayevaa vazi la gunzi la hindi kuchekesha watoto, ambaye alikuwa amesimama mbali kabisa na mchezo. Mji ulicheka wiki nzima. Mwaka wa pili bega likavimba, akakaa miezi minne na barafu. Gazeti lililomwita zawadi likaanza kuuliza kama zawadi yenyewe ina kitu ndani. Kinyozi wangu, aliyekuwa amebandika picha yake juu ya kioo, akaihamishia mlangoni kwa choo.

"Hujaitoa," nilimwambia.

"Sijakata tamaa," akasema. "Nimepunguza tu."

Mama yake hakuwahi kupunguza wala kuongeza. Darlene Sedlak aliendesha basi la shule siku za wiki, na kila Jumapili tulipocheza nyumbani aliendesha gari kwa muda wa saa tano kuja Corliss, na boksi la mikate yenye jamu ya plamu aliyooka mwenyewe. Alikuwa hajui besiboli vizuri na hakujali. Mwanzoni mwa msimu ule wa tatu alinikuta nafungasha vifaa.

"Bwana Haskett, hawa makocha wananiambia ninachotaka kusikia. Wewe ndiye unayeushika mpira wenyewe. Ukiona kitu, sema. Si lazima uniambie mimi. Sema kwa yeyote."

"Nitasema, mama."

Nilikuwa natafuna mkate wake wakati naahidi.

Msimu ule kijana akatulia. Akashinda mechi tisa. Picha ikarudi juu ya kioo cha kinyozi. Na Jumapili moja ya Agosti ikasemekana kwamba watu wa timu kubwa wanakuja kumtazama, na akifanya vizuri, ataondoka nao.

Mchana ule nilichuchumaa pembeni kama kawaida. Mpira wa Emmett akiwa mzima ulikuwa unalia kwenye glovu kama ubao unaovunjika. Siku hiyo wa kwanza ukalia hivyo, wa pili ukalia hivyo, wa tano ukafika na kasi ileile lakini ukalia kama mtu amepiga mto wa kulalia. Nikainua mkono kumsimamisha. Alikuwa anakung'uta vidole, kidogo tu, kama anayekausha maji.

Nikainuka, nikamfuata. "Kiwiko?"

"Nimekilalia vibaya."

"Mimi nimelalia vibaya viti vya basi miaka thelathini, dogo. Nimekuuliza kiwiko."

"Kinawaka kidogo. Ndani, huku. Kikipata moto kitaacha." Akatazama jukwaani, walikokaa wanaume wawili wenye mashati safi mno kwa Corliss. "Babu, usinifanyie hivi. Si leo. Nilishakaa na barafu miezi minne."

"Zamu tatu," nikasema. "Ukimaliza ya tatu bado kinawaka, umwambie meneja Garrity mwenyewe. Usipomwambia, namwambia mimi."

"Zamu tatu," akasema, na akanipa mkono. Mkono wa kushoto.

Sasa, kosa langu. Nilipanga kwa zamu tatu kama mtu asiyejua mchezo. Sikufikiria itakuwaje ikiwa zamu tatu zitapita na hakuna hata mpigaji mmoja aliyefika kituo cha kwanza.

Ndivyo ilivyokuwa. Wapigaji tisa walikuja, tisa wakarudi wakikokota magongo yao. Mchezo una zamu tisa za kutoa wapigaji watatu watatu, na kuwatoa wote ishirini na saba bila hata mmoja kufika kituo ni jambo ambalo warushaji wengi huzeeka hawajalifanya. Zamu ya nne, kumi na wawili. Ya tano, kumi na watano. Watu jukwaani walikuwa wameacha kula. Nami nikatoka pembeni nikaenda kwenye benchi letu kutimiza nilichosema, nikakuta wenzangu wameshahama.

Asiyetoka kwetu ataona ni upuuzi. Mrushaji akiwa katika siku kama hiyo, hakuna anayeongea naye. Hakuna anayekaa karibu naye, hakuna anayempa maji, hakuna anayetaja kinachotokea, maana ukikitaja unakitia nuksi. Benchi lina urefu wa hatua kumi na mbili. Emmett alikaa ncha moja, na wanaume ishirini na wawili walijibana ncha nyingine wakitazama viatu vyao. Kila mmoja anarudia alichokuwa anafanya zamu iliyopita. Aliyekuwa amevua kofia haivai. Mmoja alikuwa na haja ndogo tangu zamu ya tatu na hakuthubutu kusogea.

Garrity, meneja wetu, aliniona nakuja. Alikuwa mtu mnene, mkali, na siku hiyo alikuwa ameshika penseli ileile kwa saa moja na nusu.

"Haskett," akanong'ona. "Rudi ulikokuwa."

"Nina neno moja tu, kuhusu kijana."

"Huna."

"Garrity, kiwiko..."

"Mzee, funga mdomo wako, nakuomba kama ndugu. Ya Pueblo hayakukutosha?"

Wote kwenye benchi waliyajua ya Pueblo. Mwaka 1962 nilikuwa mdakaji wa kweli kule Pueblo, na mrushaji wetu alikuwa amebakiza watu wanne kumaliza siku kama hii. Nikamwendea nikamwambia, kwa furaha tu, "Unajua unachofanya, ee?" Mpigaji aliyefuata akaupiga mpira ukavuka ukuta. Wenzangu hawakunisemesha siku kumi na tano, kisha nikahamishiwa timu nyingine, na kutoka hapo nyingine. Mtu akiniuliza kwa nini nimezunguka nchi hii yote, huwa nasema napenda kusafiri.

Nikarudi pembeni. Sina la kuongeza hapo. Nilirudi kwa miguu yangu.

Zamu ya sita. Ya saba. Kutoka pale kwenye uzio nilimwona vizuri kuliko yeyote, kwa sababu wengine wote walikuwa wamekatazwa kumtazama. Alinyanyua kikombe cha karatasi kwa mkono wa kushoto. Alifunga kamba ya kiatu kwa mkono wa kushoto, akashindwa, akaiacha. Mara moja aligeuka akanitazama, kwa muda mrefu. Nikajua anachoniuliza. Nikainama, nikaanza kusugua glovu kwa mafuta, glovu ambayo nilikuwa nimeshaipaka asubuhi.

Zamu ya nane ilipokwisha, ilikuwa wapigaji ishirini na wanne. Walibaki watatu. Watu elfu tatu walisimama, na hakuna aliyepiga kelele. Nilimtafuta Darlene jukwaani, nikamwona amesimama pia, anageuka huku na huku, anawauliza watu kitu. Nadhani alikuwa anauliza mbona wamenyamaza.

Emmett akapanda kwenye kichuguu cha kurushia. Mpira wa kwanza wa zamu ya tisa ulikuwa wa mia moja na kumi na nane tangu mchezo uanze, nilikuwa nahesabu. Akajikunja, akauachia, na ukaruka juu ya mpigaji, juu ya mdakaji, juu ya wavu, ukaangukia kwenye maegesho ya magari. Nilisikia sauti kabla sijaona. Haikutoka kwenye glovu. Ilitoka kwenye kiwiko chake. Alipiga magoti, akaushika ule mkono wa bangoni kwa mkono mwingine, kama mtu aliyeokota kitu cha mwenzake.

Hapo ndipo benchi zima lilipokimbia kwenda kukaa naye.

Wale wenye mashati safi waliondoka kabla ya gari la wagonjwa. Bango walilishusha mwezi uliofuata, likawekwa tangazo la mbolea. Kiwiko kilishonwa, akarudi baada ya miaka miwili, akarusha maili themanini na tisa, kisha themanini na sita, kisha akaajiriwa kwenye lile ghala la mahindi. Tulipokutana mara ya mwisho alikuwa na kitambi na hakuwa na kinyongo.

"Babu, ulijua," akasema.

"Nilijua."

"Mbona hukusema?"

"Ulikuwa hujaruhusu mtu hata mmoja kufika kituo."

Akatikisa kichwa kukubali. Akanielewa kabisa, kama vile nimemwambia ilikuwa inanyesha. Hilo ndilo linalonichosha mpaka leo, kwamba alinielewa.

Mama yake alinipata jioni ileile ya mechi, nje ya chumba cha vifaa, jua bado halijazama. Boksi la mikate alikuwa amelikumbatia, halijafunguliwa.

"Bwana Haskett, uliona kitu?"

"Niliona, mama."

"Lini?"

"Kabla hawajaanza."

"Na hukumwambia mtu."

Nikamweleza. Nikamweleza wapigaji ishirini na wanne, na benchi, na kwamba mrushaji akiwa hivyo haongeleshwi. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaendelea kunitazama, kwa utulivu, kama dereva anayengoja mtoto avuke barabara, na nilichukua muda kuelewa kwamba alikuwa anasubiri sababu yenyewe.