Mbili Kabla ya Moja

Saa saba kasorobo shangazi alipiga simu kusema basi limeshavuka daraja. Macho alimwombea safari njema, akakata simu, akageuka kuitazama mashine iliyolazwa sakafuni juu ya shuka, vipande vipande kama kuku anayesubiri sufuria. Kutoka darajani mpaka stendi ni mwendo wa saa tatu.

Macho halikuwa jina lake. Alibandikwa jina hilo na majirani, kwa kuwa tangu aje kukaa kwa shangazi yake, fundi cherehani, alikuwa hasemi sana, ila jambo likimpita mbele atalitazama mpaka jambo lenyewe lione haya. Shule aliishia ya msingi. Pale dukani alikuwa na kazi moja tu, ya ovaloki, ile mashine inayofunga kingo za nguo zisifumuke. Shangazi anakata, anaunga, anatupa upande wa pili. Macho anafunga kingo.

Sasa ovaloki ilianza kugonga na kuruka mishono. Fundi wa mashine akaja, akaitegea sikio kama daktari, akasema hapa hakuna mgonjwa, kuna maiti. Shangazi akapatana na mtu wa vyuma chakavu aje kuichukua Ijumaa, kisha akasafiri kumtazama bintiye aliyejifungua. Kabla ya kupanda basi alisema mambo mawili. La kwanza, mashine asiiguse mtu. La pili alilisema kwa upole, na hilo ndilo lililouma: labda Macho arudi kwao apumzike kidogo, maana kazi yake inaondoka na chuma.

Jumanne asubuhi Macho alichukua bisibisi.

Hakuwa mjinga. Kila alipotoa kipande alipiga picha kwa simu, ili wakati wa kurudisha afuate picha kinyumenyume, ya mwisho kwanza. Kioo cha simu kilikuwa kimepasuka kama utando wa buibui, kwa hiyo jioni alizihamishia picha kwenye kompyuta ya shangazi, iliyojaa mishono ya kuwaonyesha wateja, akazipa majina: moja, mbili, tatu. Jumatano akaendelea. Leo Alhamisi akamalizia picha ya kumi na moja na ya kumi na mbili, akasimamisha picha chache zilizokuwa zimelala ubavu, kisha akaanza kurudisha vyuma, akifuata picha kama zilivyopangwa kwenye kioo cha kompyuta, kutoka juu kwenda chini.

Alipofika kipande cha saba gurudumu la mashine likagoma kuzunguka. Na pale kwenye shuka, kati ya vipande vilivyobaki, springi moja ilikuwa imekaa tu, haina mwenyewe. Ikabidi afungue upya. Ndipo simu ya darajani ilipomkuta.

Akaketi kwenye kompyuta. Akainuka. Akachungulia barabarani, kana kwamba basi lingeweza kutokea kwenye kona ile saa hiyo hiyo. Akaketi tena. Picha zilikuwa zimegawanywa mafungu, na kila fungu lina kichwa chake: Leo, Jana, Mapema wiki hii. Yeye hakuzigawa. Hakujua nani kazigawa.

Dada wa kopi, jirani mwenye duka la kutoa nakala, aliingia kuazima mkasi, akasahau mkasi. Aliizunguka ile shuka mara mbili mikono kiunoni.

"Shangazi yako akikuta hivi," akasema, "kesho mtu wa vyuma atawabeba nyote wawili."

Macho alimwonyesha kioo, akamwuliza kwa nini picha ya tatu, aliyoipiga Jumanne, imekaa kwenye fungu la Leo. Dada wa kopi akavuta kiti. Akataka kujua kama leo aliigusa. Macho akakiri kwamba aliigeuza tu, ilikuwa imelala.

"Basi. Kwa huyu kompyuta, ukiigusa leo, ni ya leo. Hakuulizi ulizaliwa lini, anakuuliza umeoga lini."

Akakishika kipanya, akabonyeza kitufe cha kulia palipo peupe, ikafunguka orodha ndefu. Akateremka mpaka penye maneno Panga kwa vikundi, akachagua Hakuna. Vichwa vyote vikatoweka, picha zikasogeleana, zikawa safu moja. Macho akashusha pumzi. Halafu akasoma majina, pumzi ikarudi juu: kumi, kumi na mbili, kumi na moja, mbili, moja, nane, nne.

Mbili inamtangulia moja? Hata mtoto wa chekechea hakosei hivyo. Dada wa kopi naye akakwama, akaanza kuilaumu kompyuta kwamba ni ya zamani. Macho akaendelea kusoma. Saba, sita, tano, tatu, tisa. Midomo ikaanza kumtembea taratibu. K, M, N, S, T.

"Haihesabu," akasema. "Inasoma. Inaita majina kama mwalimu na daftari la mahudhurio."

Akayafuta majina yote kumi na mawili na kuandika tarakimu, huku saa ya ukutani ikimchoma mgongoni. Dada wa kopi alikwenda kumhudumia mteja akarudi, akakuta picha zimejipanga, moja mpaka kumi na mbili. Macho alikuwa ameganda, pua karibu igonge kioo.

Alikuwa anatazama picha ya tatu na ya nne. Siku zote zilikaa mafungu mbalimbali. Leo ndiyo mara ya kwanza kuziona ubavu kwa ubavu. Kati ya picha hizo mbili alikuwa ametoa kifuniko tu, basi. Lakini ile ndoano ya chini, inayobeba uzi, ilikuwa imesogea. Hakuna aliyeigusa, na imesogea.

Aliiokota kwenye shuka. Skrubu yake ilikuwa imelika meno, inazunguka bila kushika. Ndiyo iliyokuwa inagonga. Kifuniko kilikuwa na skrubu nne za saizi ile ile, akachukua moja. Kifuniko kingevumilia.

Saa kumi simu ililia: nipo stendi, natafuta pikipiki. Macho alikuwa kwenye picha ya tano, vidole vimejaa grisi. Ya nne. Ya tatu. Ya pili alikosea upande, akaitoa, akairudisha. Ya kwanza, na springi ikapata mwenyewe. Pikipiki ikazima nje.

Shangazi aliingia na begi lake. Akaiona mashine mezani, akaiona shuka yenye madoa, akaiona mikono. Dada wa kopi akakumbuka ghafla kwamba ana mteja.

"Nilikwambia usiiguse."

"Ulisema, shangazi."

"Hukusikia."

"Nilisikia."

Shangazi hakuvua hata mtandio. Alivuta kiti, akachukua kipande cha kitambaa, akakisogeza chini ya sindano, akakanyaga. Macho alitazama ule mguu, maana usoni hakuthubutu. Kitambaa kikapita, kikatokea upande wa pili. Shangazi akakivuta kingo kwa kucha, akavuta tena. Hakuna uzi uliofumuka. Akapeleka kingine, kirefu zaidi, kichwa kaegemeza kando.

"Ina kelele," akasema.

"Inataka mafuta."

"Sasa umesimama nini? Yalete."