Zamu ya Marehemu Khelef

Kila alfajiri ya majira ya baridi Maen alipiga goti ukingoni mwa shimo la saba la uwanja wa gofu, pale juu Jabal Akhdar, akabonyeza nyasi kwa kidole. Zikilia kama kaukau, jalidi, umande ulioganda, imeshika, naye hufunga kamba nyekundu. Mgeni yeyote, hata awe na pesa za kumwaga, atakunywa kahawa hotelini mpaka saa nne, jua liyeyushe. Nyasi zilizoganda hazitaki mguu. Ukizikanyaga leo, kesho unyayo wako unakuwa mweusi, na utakaa hapo mpaka baridi iishe.

Mwaka huu nyayo zilikuwepo. Zilitoka upande wa kijijini, zikakata nyasi katikati, zikaishia kwenye kilango cha falaji, mfereji unaogawia mashamba maji kwa zamu. Mguu wa kushoto ulielekea nje kidogo. Maen aliutambua, ni wa baba yake, Khelef, aliyefariki mwaka juzi.

Khelef alizaliwa Wete, akarudi Oman kijana, akarithi kwa babu yake mikomamanga na zamu ya maji ya alfajiri, tangu adhana mpaka jua litokeze juu ya jabali. Akifungua kilango ndani ya muda huo, maji yanashuka kwake. Asipofungua yanapitiliza, na siku hizi yanapitiliza mpaka tangi la hoteli. Hoteli haikumwibia mtu zamu. Ilinunua mashamba ya majirani tu, ikatandika nyasi juu ya njia ya kwenda kilangoni, ikaweka uzio, na mjane wa Khelef, Bi Khole, mwenye magoti mabovu, akaambiwa azunguke kwa barabara ya magari. Mwanawe Maen alfajiri yuko kazini, anabonyeza nyasi. Basi marehemu akaja mwenyewe.

Bi Khole alijua. Alimsikia akikohoa mferejini, akishuka pamoja na maji, na alimwekea chai ya tangawizi juu ya ukuta. Mikomamanga ilizaa vizuri.

Meneja Hisham, mtoto wa Waunguja wa Maskati, alizitazama nyayo kwa masikitiko.

"Mimi sina ugomvi na marehemu, wallahi," alimwambia Maen. "Lakini nyasi zinakufa. Mwambie mzee asubiri saa nne kama watu wengine. Na mkataba wako unakwisha, ya akhi. Nataka nipate la kukutetea."

Saa nne zamu imeshapita zamani. Hisham alilijua hilo, na Maen alilijua zaidi.

Asubuhi ya pili alimkuta baba yake penye uzio, jembe begani.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Kamba ya nini?"

"Jalidi, baba. Wamesema usubiri mpaka saa nne."

Khelef alimtazama mwanawe, kisha nyasi. Alipokuwa hai hakupata kupita kwa mtu akishakatazwa, na kifo hakikumbadilisha. Akaketi kwenye benchi la wachezaji. Kamba ilipofunguliwa, wageni walitangulia na fimbo zao, yeye akafuata na jembe lake. Kilango kilikuwa kikavu, maji yameshakwenda kwenye tangi la hoteli. Alirudi kwa njia ileile, maana aliona haya kumwendea mkewe mikono mitupu.

Ikawa hivyo kila siku. Hisham, mtu muungwana, alimpelekea blanketi, na kwenye kibao cha uzioni akaongeza kwamba amri ya jalidi inawahusu wachezaji na marehemu wote. Baridi ikaisha, jalidi ikakoma, kamba ikabaki kwa sababu kila mtu ameshaizoea. Mawaridi yakachanua bustani za hoteli. Mikomamanga ya Bi Khole ilitoa vichipukizi, vikasinyaa.

Mchana mmoja Maen alimkuta mama yake anakwangua gome kwa ukucha. Ndani palikuwa pakavu.

"Baba yako kaacha kuja?"

"Anakuja, mama. Kila siku."

"Saa ngapi?"

Maen aliinama kuvua viatu vya kazi. "Saa nne."

"Saa nne maji ya nani?"

"Ya hoteli."

"Na nani kamwambia saa nne?"

Maen alivua kiatu cha pili. Uchungu ulimpanda Bi Khole. Alikichukua kikombe cha chai kilichopoa juu ya ukuta, akaimwaga chai kwenye shina, akaingia ndani.

Maen alibaki nje, viatu mkononi. Hotelini walikuwa wamemwongezea mkataba wa mwaka mmoja.