Nakala ya Kumi na Moja

Mimi naandika programu za hospitali, na nimechoka. Uchovu wangu si wa kulala ukaamka mzima. Programu yetu imeandikwa kwa C, lugha kongwe isiyombembeleza mtu. Ukitaka kupanga safu ya namba, unaandika kanuni yake. Ukitaka kupanga safu ya wagonjwa, unanakili ileile na kubadilisha vipande. Walionitangulia walinakili mpaka nakala zikafika kumi na moja. Kosa moja likionekana, unalirekebisha mara kumi na moja.

Asubuhi hiyo nikasema potelea mbali. Nikaandika kanuni moja tu. Unaiambia safu inaanzia wapi, ina vitu vingapi, kila kimoja kina ukubwa gani, na viwili vinalinganishwaje. Haijali kama ni namba au watu.

"Ukiharibu, usinitaje," alisema bosi wangu, mama asiyewahi kuniona nikimaliza chai. "Hizo za zamani zinafanya kazi."

"Zinafanya kazi kama mimi, bosi. Kwa kujikokota."

Tukaijaribu kwenye foleni ya upasuaji wa macho. Baba yangu amekuwa akingoja humo miezi mitano. Orodha huanza upya kila wiki, naye huandikwa wa mwisho, kwa kuwa hunisubiri nitoke kazini nimpeleke. Sikujali. Daktari humpa kila mgonjwa alama, na programu huwapandisha waliozidiwa.

Kwenye orodha mpya baba alikuwa wa pili. Kwenye ya zamani, wa arobaini, mkiani kabisa.

Nikafungua nakala ya kumi na moja, iliyokuwa ikipanga foleni hiyo. Ilisimama hatua moja kabla ya mwisho wa safu, kwa hiyo aliyeandikwa mwisho haikumgusa, hata awe hoi. Kosa hilo nalijua. Nililirekebisha mwenyewe mwaka juzi kwenye nakala kumi, kisha nikaenda kula.

Nikampigia simu.

"Baba, jiandae. Zamu yako imefika."

"Afadhali, mwanangu. Waambie basi washughulikie la kulia. La kushoto lilizima wiki mbili zilizopita."

"Mbona hukuniambia?"

"Ningekuambia saa ngapi? Kila ukija umechoka."

Bosi alikuwa ameshafungua orodha zote tangu mwaka juzi, anaandika kwenye karatasi jina la mwisho la kila wiki. Karatasi ilijaa, akaigeuza.

"Baba," nikasema, "aliyekuweka mwisho ni mimi."