Koti la Gachau

Kama kuna mtu aliyewahi kudanganywa na koti, ni Mwalimu Wangeci wa Kiganjo. Sikiliza vizuri, sisemi mwenye koti. Nasema koti lenyewe. Koti kuukuu la buluu, limetoboka kiwiko, limetundikwa kwa msumari mlangoni mwa nyumba isiyo na paa kule Gatongora. Miezi minane mwanamke mzima, mwenye diploma yake, aliliamini hilo koti.

Nyumba ilikuwa ya mama yake. Mama Waruguru alikuwa na miaka sabini na tisa, na miaka hiyo yote ameilala katika nyumba za wenyewe: kwanza kambi ya shamba la kahawa, halafu chumba cha kupanga hapo Kiganjo, choo nje, mwenye ploti akigonga mlango kwa ngumi. Alizaliwa chini ya Kilimambogo, upande ule wa mashariki ya Thika, na alichotaka hakikuwa kikubwa. "Vyumba viwili vinanitosha," alisema. "Lakini dirisha la jikoni liangalie Kilimambogo. Nikiamka kupika chai, niwe nauona ule mlima."

Basi, Januari daktari akampima macho. Akasema ni presha ya macho na wamechelewa kuja; dawa ya matone itavuta siku, lakini kilichopotea hakirudi. Akamwita Wangeci pembeni. "Kama kuna kitu mama anataka kuona, akione mwaka huu."

Wangeci alimpigia fundi wake hapo hapo nje, hata barabara hajavuka.

Huyo fundi, Gachau, tusimwonee, kazi alikuwa anaijua. Kuta za mawe ya Ndarugu alikuwa amezipandisha kwa wiki tano hadi usawa wa kuwekea paa, zimenyooka hadi majirani wakaja kuzishika. Walipokutana Gatongora, Wangeci alimweleza habari ya macho ya mama, na Gachau akashika kifua. "Mwalimu, hilo niachie mimi. Pasaka mathe anapika chai hapa ndani. Mbao za paa nazingoja tu zikauke." Huo ulikuwa mwanzo wa Februari. Akavua koti lake la kazi, akalitundika mlangoni, akaondoka zake.

Jioni mama aliuliza, "Ameacha koti?"

"Ameacha, mami."

"Basi atarudi. Baba yako hakuwahi kuacha koti mahali asiporudi."

Na Wangeci akaamini, kwa sababu ni mama amesema. Siku za baba yake mtu alikuwa na koti moja, la kuzikwa nalo. Siku hizi koti la mtumba unaliokota sokoni Thika kwa bei ya chapati mbili, lakini nani angelifikiria hilo?

Machi Gachau alisema mbao bado mbichi. Aprili akasema mvua. Pasaka ikaja ikapita, watu wakala mbuzi wao, mvua ya Gachau ikinyesha tu. Mei mjomba wake akafariki, na Wangeci akamtumia pole. Julai mjomba mwingine akafariki, na Wangeci akilinganisha ujumbe kwenye simu akakuta ni mjomba yule yule, jina moja, kijiji kimoja. Mtu gani anazikwa mara mbili, jamani? Na katikati ya hayo yote, "niko njiani, mwalimu." "Nimefika stendi, mwalimu." "Leo lazima." Ukimpigia, mteja hapatikani. Ngoja ngoja huumiza matumbo, na la Wangeci lilikuwa limeshatoboka.

Kila Jumamosi alienda Gatongora. Ploti iliyo mbele yake ilikuwa na mafundi wengine, wamechimba msingi Machi, na kuanzia asubuhi kelele, karai zinapanda, zege linamwagwa, na Wangeci akiwatazama kwa wivu hadi machozi yanamlenga. Kwake palikuwa kimya. Majani yalikuwa yameota sebuleni. Na koti liko.

"Fundi yuko?" mama angeuliza akirudi.

"Yuko, mami. Wanaendelea."

Mara ya kwanza ulikuwa uongo nusu, maana koti si lilikuwepo? Mara ya kumi haukuwa nusu tena.

Juni mama alimimina chai pembeni ya kikombe. Ikatiririka mezani ikamchoma magoti, ndipo akajua. Septemba hakuweza kumtambua Wangeci akisimama mlangoni mpaka aongee. Hakulia. Aliuliza tu, "Ile nyumba imebakisha nini?"

"Rangi tu, mami."

Rangi! Nyumba ambayo ndege walikuwa wanaingilia juu!

Usiku huo Wangeci hakulala, na asubuhi aliomba ruhusa shuleni akaenda moja kwa moja kwa Kivuva, mwenye duka la vifaa vya ujenzi karibu na ploti yake. Kivuva alimwangalia kama anayemwonea huruma. "Mwalimu, kumbe hukuambiwa? Gachau ana kazi nyingine kule mtaa wa Kahawa Sukari. Kwa mama anaitwa Kamene."

Alimkuta Kamene ameketi juu ya jiwe la kujengea, mwavuli kichwani, mbele ya nyumba iliyofika madirishani ikasimama. Wangeci akauliza fundi yuko wapi.

"Ametoka kidogo kununua misumari," Kamene akasema. "Atarudi tu. Si unaona koti lake lile?"

Wangeci akageuka. La kijivu, hili, lakini msumari ulikuwa pale pale mlangoni. Akaketi juu ya jiwe lingine.

"Alitoka lini kununua hiyo misumari?"

Kamene akalitazama lile koti. "Mwezi wa sita," akasema polepole, kama mtu anayejisikia kwa mara ya kwanza.

Wakampigia kwa simu ya Kamene. Gachau akashika mara moja, sauti tamu kama uji wa harusi. "Mama Kamene, usijali, niko hapa Gatongora kwa mwalimu mmoja, mathe wake haoni vizuri, nafunga paa lake ndio nije kwako."

Wangeci akaichukua simu. "Gachau, huyo mwalimu ni mimi. Endelea. Hilo paa umefika wapi?"

Simu ikakatwa, na haikushikwa tena.

Sasa hapo ndipo angemwambia mama. Hapo hapo. Lakini alifika Kiganjo akamkuta mama ameketi kitandani, mikono mapajani, akampikia chai badala yake. Akajiambia atasema Jumapili. Halafu Jumapili nyingine.

Jumapili moja ya Oktoba, wametoka kanisani, mama akamshika kiwiko. "Nipeleke kwangu leo. Rangi hata ikiwa mbichi, sitaigusa. Nisimame tu ndani."

Ungemkatalia vipi? Wangeci alitafuta sababu, na kila aliyoipata ilikuwa ya Gachau: mvua, mbao, mjomba. Wakachukua teksi.

Mama alitangulia, mkono mbele. Pale mlangoni mkono ukagusa kitambaa, na uso wake wote ukafunguka.

"Uuui, fundi! Hata Jumapili uko kazini?" akasema. "Mungu akubariki, mwanangu. Umenijengea." Akautafuta mkono wa mtu huyo amsalimie, akateremka na mkono wa koti taratibu mpaka mwisho, na mwisho hakukuta kitu.

Wangeci alitamani ardhi ipasuke.

"Ni koti," mama akasema.

"Ni koti, mami."

"Na mwenyewe?"

"Hajarudi. Tangu Februari."

Mama akapapasa ukuta, jiwe tupu. Akainua uso, na jua likampiga usoni pale paa lilipopaswa kuwa.

"Gachau simjui," akasema. "Gachau ni mtu wa nje. Lakini wewe ndiwe ulikuwa unaniangalilia, Wangeci. Nakuuliza kila Jumamosi, unaniambia yuko. Umejifunza kuongea kama yeye."

Hilo lilimwingia hadi mfupani. Angesema alimwonea huruma? Pengine hata Gachau huwaonea huruma wateja wake.

"Nipeleke jikoni."

Akampeleka, akamsimamisha mbele ya tundu la dirisha. Mama akaweka viganja viwili juu ya jiwe la chini, mahali ambapo angeweka kikombe.

"Sasa niambie, na usinidanganye. Kilimambogo unaonekana?"

Wangeci akatazama. Hatua kumi mbele ya dirisha ilikuwa fleti ya gorofa nne, rangi ya machungwa, watu wameshahamia, blanketi zimeanikwa kwenye vibaraza na tangi nyeusi za maji zimejipanga juu. Jibu likamjia mdomoni lenyewe, laini, tayari: unaonekana, mami, wote. Akalimeza.

"Hauonekani, mami. Wamejenga fleti hapo mbele."

"Walianza lini?"

"Machi."

Mama akahesabu kwa vidole juu ya jiwe. "Kwa hivyo Pasaka..."

"Pasaka ungeuona."

Mtoto alilia mahali fulani ndani ya ile fleti, akanyamazishwa. Mama akatoa mikono yake dirishani, akaipangusa vumbi kwenye sketi yake ya kanisa.

"Basi afadhali macho yalitangulia," akasema.