Mama Hakusafiri

Babu yangu mzaa baba alikuwa hakimu, na baba yangu mwalimu mkuu. Wote wawili walisifika kwa neno lililonyooka. Mimi nilikuwa mkaguzi wa shule hadi nilipostaafu, wala sikuwahi kupindisha ripoti. Katika nyumba ya watu wa namna hiyo, mjukuu wangu alidanganywa.

Mama yake, binti yangu wa kwanza, alifia hospitalini. Mtoto alipouliza, mama yake mdogo alimkumbatia, akasema, "Mama amesafiri." Neno hilo likakaa, kwa kuwa lile jingine halikumtoka yeyote kinywani.

Tangu hapo mtoto akawa na adabu ya ajabu. Alikunja nguo zake, alimaliza chakula, hakulia hata alipochubuka goti. Wageni walimsifu, nami nikavimba kichwa. Hata hivyo, alianza tena kukojoa kitandani, na kila nilipotaka kutoka, viatu vyangu havikuonekana.

Tukampeleka kwa mshauri nasaha, mwanamke kijana mwenye chumba cha mkeka na wanasesere. Nilivua viatu, nikaketi pembeni.

"Huyu doli anafanya nini?" mshauri aliuliza.

"Anamngoja mama yake. Alisafiri kwa sababu doli alimwaga uji. Sasa doli ana adabu, lakini mama hajaambiwa."

Mtoto alipoinama kumfunika doli, mshauri alinisogelea.

"Mzee, mtoto wa umri huu huamini kwamba yeye ndiye chanzo cha kila jambo. Hiyo mnayoiita adabu ni toba. Aambiwe neno lenyewe, na mtu anayemwamini."

"Wewe ndiye uliyesomea, binti yangu. Mwambie wewe."

"Mimi ananijua kwa doli tu."

Nikashuka mkekani. Mtoto akacheka. "Babu, magoti yako yanagombana!"

"Yamezeeka, hayasikilizani. Mjukuu wangu, mama hakusafiri. Mama amekufa. Mwili wake uliugua ukashindwa. Hatarudi."

Sauti yangu, iliyozoea kunyamazisha madarasa, ikakatika.

Mtoto alimweka doli chini. "Kwa hiyo hakuninunia?"

"Hata kidogo."

"Hata uji?"

"Hata uji."

Ndipo alipolia, kwa kelele, bila adabu yoyote, akipiga mkeka mateke. Nilimshika nikamlilia binti yangu, nisijali nani ananitazama.

Wakati wa kuondoka, alivitoa viatu vyangu chini ya mto wa pale mkekani alikovificha, akavikumbatia.

"Babu, na wewe utakufa?"

"Nitakufa. Ila leo tunarudi nyumbani pamoja."

Akanipa kimoja. Cha pili alikibeba mwenyewe hadi mlangoni.

Nanyi vijana wa ukoo huu, nisikieni na mshike: mtoto akiuliza, semeni "amekufa", kisha mketi naye chini alie. Ni marufuku kumpa mtoto wetu safari ambayo hakuagwa.