Bipu za Dua

Simu ililia mara moja, ikakatika, na mtandao nao ukakatika.

Abeer alifunua kanga aliyojitanda yeye pamoja na leptopu, kwani bila ya kanga jua la darini lilikuwa linaifuta skrini yote, akatazama jina. Shangazi Mwanaasha, Kizimkazi. Haikuwa bipu ya kuomba kupigiwa. Ilikuwa bipu ya dua. Jana alasiri bibi yake, Bi Jokha, aliwatangazia jamaa wote kuwa kesho Abeer anapeleka karatasi zake Maskati, basi wamuombee. Nani angetumia salio lake kupiga simu ya kusema "tunakuombea", na bipu ni bure? Tangu asubuhi ukoo ulikuwa umeshambipu mara saba. Ukoo wenye mapenzi ya kuua.

Ilikuwa wiki ya tatu kisiwa kizima hakina umeme. Hoteli alimokuwa akipokea wageni ilifunga na wafanyakazi wakaambiwa wakae nyumbani mpaka waitwe. Maduka ya intaneti nayo yalifunga. Ikabaki njia moja: Nokia yake aiunge kwa waya na leptopu ya kuazima, simu ifanye kazi ya modemu. Ndani ya nyumba, kwa zile kuta nene za mawe, mawimbi ya simu hayakuingia, ndiyo maana akapanda darini.

Chuo cha uuguzi Maskati kilikuwa kinafunga maombi leo saa sita mchana, yaani saa tano ya Unguja. Binamu yake Jamil alikuwa amekaa pale pale ofisini akisubiri kuzichapisha kurasa na kuzikabidhi. Kurasa zilikuwa tano. Nne zilikuwa zimefika. Iliyobaki ni barua ya sheha, mkubwa wa mtaa, ya kuthibitisha kwamba anamjua, na hiyo ndiyo iliyokuwa ikikatwa kila mara, maana simu ile haikuweza mambo mawili kwa pamoja. Ikipigiwa, barua inarudi mwanzo.

Saa nne na dakika ishirini na tano. Betri ya leptopu, asilimia ishirini na moja.

"Bibi!" aliita kwenye ngazi.

"Naam!"

"Waambie wasinibipu! Kila wakibipu nnaanza upya!"

"Ntawaambiaje, mwanangu, na simu unayo wewe?"

Kweli. Simu ilikuwa moja, na salio lililobaki lilitosha mtandao tu. Abeer alicheka peke yake, akabonyeza kutuma, akarudi chini ya kanga.

Darini kwa jirani, Mwanakhamis alikuwa anaanika nguo.

"We Abeer, unafanya nini humo? Watu wanasema una mtambo."

"Mtambo gani, dada? Nnatuma barua ya chuo."

"Haya. Mie sikusema kitu."

Kisha Mwanakhamis akaanza kuzianua zile nguo, zikiwa bado zinachuruzika maji, akateremka nazo bila ya kuaga.

Abeer alichungulia chini. Yule mtu wa Vespa, aliyekaa barazani jana kutwa na kikombe cha kahawa asichokinywa, leo hakuwepo. Vespa yake ilikuwepo, imeegeshwa mlangoni kwao. Mitaani ilisemwa kuna mtu anapeleka habari za giza hili kwenye redio za nje, na kwamba anatafutwa. Fundi wa kurudisha umeme hakupatikana kwa wiki tatu. Watu wa kumtafuta anayelalamika walipatikana kwa siku moja.

Barua ikafika asilimia sitini. Sabini. Ngazi ikalia kwa viatu vizito, na bibi yake hakuwa na viatu vizito.

Alitangulia Sheha Makungu mwenyewe. Nyuma yake yule mtu, helmeti mkononi.

"Shikamoo, Sheha."

Makungu hakuitikia. Hapo ndipo Abeer alipoogopa.

"Zima hiyo," alisema yule mtu.

"Dakika mbili tu, baba. Imefika themanini."

"Themanini nini?"

Abeer akaigeuza leptopu, akawafunikia jua kwa kanga ili wasome. "Barua ya Sheha mwenyewe. Kaniandikia wiki iliyopita."

Yule mtu akainama, akasoma kwa sauti: ni mkaazi wa shehia yangu, namjua yeye na wazee wake, tabia yake ni njema. Chini, muhuri na sahihi.

"Unamjua huyu?" akamuuliza sheha.

Makungu alimjua Abeer tangu hajaota meno. Alikula pilau ya hitima ya baba yake Abeer, akarudi kuomba ukoko. Sasa akatazama viatu vyake.

"Mie natia sahihi barua nyingi, afande. Watu wa shehia yangu wengi."

Abeer aliona aibu, na haikuwa aibu yake. Alimwonea aibu mtu mzima yule hata akashindwa kumtazama. Alipoinua macho, waya ulikuwa umeshachomolewa na simu imo mkononi mwa afande. Skrini iliganda kwenye tisini na tatu.

Simu ikalia mara moja, ikakatika. Ikalia mara nyengine, ikakatika.

"Nani hawa wanaopiga na kukata?"

"Jamaa zangu. Wananibipu."

"Mara moja moja tu. Ishara ya nini?"

"Ya dua."

Afande akatabasamu kidogo, akatoa kitabu kidogo mfukoni na kalamu, akaanza kunakili majina kutoka kwenye simu. Hamad. Miraji, Ng'ambo. Aliandika polepole, kwa hati nzuri.

"Abeer!" bibi yake aliita kutoka chini. "Zishafika zote?"

Afande akafungua ukurasa mwengine.

"Mwanaasha, Kizimkazi," alisoma afande. "Huyu kakupigia mara tatu. Nani wako?"

Shangazi Mwanaasha ndiye aliyemlea miaka minne mama yake alipokufa. Ilikuwa saa tano kasoro dakika kumi.

"Simjui," alisema Abeer.

Simu ikalia mara moja, ikakatika.