Barua Iliyorudi Mara Mbili

Mara mbili Monica, afisa ustawi wa jamii pale Kilosa, alimwandikia Bibi Naanyu barua ya kwenda kliniki ya macho, na mara mbili bibi huyo mfugaji akarudi nayo imekunjwa vilevile. Ugonjwa wa mtoto wa jicho unammalizia macho, naye anarudisha barua!

"Bibi, hukufika?" Monica alifoka.

"Nilifika, mwanangu. Nilikaa mpaka jua likageuka, hakuna aliyeniamkia. Sasa barua ningempa nani?"

Monica alitaka kumjibu kwa ukali, lakini swali lile likamgonga. Miaka tisa alikuwa akituma watu kwenye madirisha ya mapokezi, hajawahi kumtuma mtu kwa mtu. Aliichana ile barua, akampigia simu nesi Selestina wa kliniki ile.

"Kesho anakuja bibi mwenye shanga, haoni vizuri. Mfuate getini, umwamkie kwa jina lake. Naanyu."

Mwezi uliofuata Bibi Naanyu aliingia ofisini bila kushikwa mkono, nyuma yake mabibi wengine watatu wasioona vizuri, wameshikana mashuka waliyojifunga. Alimkagua Monica kuanzia juu mpaka chini.

"Kumbe ndiye wewe! Sauti yote ile, na kamwili haka?"

Monica alicheka. Upasuaji hakuufanya yeye, lakini macho yale aliyaonea fahari kama yake. Aliwaamkia wote, mmoja mmoja, kisha akavuta karatasi na kalamu aandike barua.

"Weka kalamu chini, mwanangu," Bibi Naanyu alisema, akiketi kama mwenye ofisi. "Piga simu."